Wito na Mwitiko: Kumbukumbu za Kuandika Mianzo ya Video Fupi Ndanda na Newala

Sekunde mbili tatu za kwanza za video fupi ya mtandaoni, ambamo mtazamaji huamua kubaki au kusukuma kidole na kuipita, zimekuwa sehemu inayohitaji uangalifu kuliko nyingine yoyote katika kazi hiyo, kiasi kwamba zimepata kanuni zake na walimu wake, ijapokuwa vijana wengi wanaozitunga katika wilaya za Masasi na Newala hawajihesabu kuwa waandishi. Katika makala haya sentensi inayowekwa katika sekunde hizo itaitwa sentensi ya wito. Jina hilo limechaguliwa kwa sababu miaka ya kutunga sentensi za aina hiyo, zaidi kwa ajili ya wakulima wa korosho wa Ndanda na wa vijiji vya juu ya Uwanda wa Makonde, imemfikisha mwandishi kwenye imani moja ambayo haitajwi sana katika mafunzo ya kazi hii: kwamba mwanzo haupo ili kumshtua mtazamaji, wala kumficha jambo ili abaki akilisubiri, bali upo ili kumwita kwa jambo analoweza kuliitikia, na kwamba mwanzo usiomwachia nafasi ya kuitika humpoteza hata ukipigiwa kelele kiasi gani.

Haraka inayotawala mitandao hii ina chanzo chake katika namna mitandao yenyewe inavyofanya kazi. TikTok, iliyounganishwa na Musical.ly mwezi Agosti 2018, ilijulikana kwanza kwa video za sekunde 15 na baadaye 60, kabla ya kuruhusu dakika 3 mwaka 2021 na dakika 10 mwaka 2022. Instagram ilianzisha Reels mwaka 2020, na mwaka huohuo YouTube ikaanza kuijaribu Shorts nchini India. Urefu unaoruhusiwa umeongezeka, lakini subira ya watazamaji haikuongezeka nao, kwa kuwa kinachopimwa bado ni kile kinachotokea mwanzoni: Facebook kwa muda mrefu ilihesabu utazamaji kuanzia sekunde ya 3, na YouTube humwonyesha mwenye video ya Shorts uwiano wa waliobaki na walioipita. Vipimo vya namna hiyo huingizwa katika algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua video ipelekwe kwa nani baada ya wachache wa kwanza kuionja, hivyo kidole cha mkulima mmoja wa Lukuledi kinaweza kuchangia kuamua kama jirani yake atawahi kuiona. Lipo pia jambo la bando, yaani kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kwa fedha taslimu na kuisha upesi, ambalo humfanya mtazamaji wa kijijini kuwa mkali kuliko wa mjini, kwa sababu kila video inayojicheza bila faida kwake imekwisha kula fedha yake.

Hata hivyo, sanaa ya kuwaita watu kabla ya kuwaambia haikuletwa na simu. Msimulizi anayesema "Paukwa!" hasogei mbele mpaka asikie "Pakawa!", na mtegaji wa kitendawili hungoja aambiwe "Tega!", maana mwitiko huo ndio unaompa ruhusa ya kusema na ndio unaowafanya wasikilizaji kuwa washiriki wa kile kitakachofuata. Edward Steere, aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzichapa mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi mwaka 1876, na si vigumu kuamini kwamba watu hao walikuja na mianzo ya hadithi za pwani vinywani mwao, ikakutana na mianzo ya Wamakua, Wayao na Wamakonde. Katika ngoma za vinyago za Wamakonde nako, ngoma hutangulia na mchezaji hufuata; watu hukusanywa na mlio, hujipanga, huitika kwa nyimbo, na kinyago hutokea kikiwa kimekwisha kungojwa.

Inafaa kukumbukwa kwamba uwanda huu ulipigwa picha za sinema mapema sana. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa tamaduni kutoka makumbusho ya Leipzig, alisafiri Masasi na Newala akiwa na kamera ya sinema pamoja na fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye mitungi ya nta. Vyombo hivyo viwili havikuunganishwa: sinema ya wakati huo ilikuwa fupi na ya kimya, na nta ilihifadhi sauti bila sura. Mwandishi hulitaja jambo hili kila anapowafundisha vijana, kwa sababu video inayotazamwa leo ndani ya basi la Masasi, sauti ikiwa imezimwa, imerudi katika hali ileile ya mwaka 1906, ambapo wachezaji wanaonekana wakiruka na wito uliowarusha hausikiki. Ndiyo maana sentensi ya wito huandikwa mara mbili, moja ya kutamkwa na nyingine ya kuonekana kwenye picha, na ile ya kuonekana huwa fupi zaidi, ya maneno matano au sita, yenye herufi ambazo mzee asiye na miwani ataziona.

Kwa watu wa kizazi cha mwandishi, shule ya kwanza ya mianzo ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, zilitangulia taarifa ya habari, na mwandishi, aliyekulia Ndanda, anakumbuka namna zilivyoupanga upya ukumbi mzima wa duka lililokuwa kando ya barabara iendayo Masasi: aliyekuwa akisimulia alikatisha, aliyekuwa jua kali alisogea kivulini, na muuza duka alipandisha sauti ya redio bila kuombwa. Mlio ule haukuwa na habari yoyote ndani yake. Kazi yake ilikuwa kutoa muda, ili aliye mbali afike kabla ya neno la kwanza. Jambo hilo halirithiwi moja kwa moja na mwandishi wa video fupi, kwa kuwa mtandao haumpi muda wa kungoja mtu afike, na kwa hiyo sauti ya kwanza katika video inapaswa kuwa imebeba jambo lenyewe tayari. Kwa wakulima wa korosho, mlio wa korosho kavu zinazomiminwa kwenye sakafu ya ghala hufanya kazi hiyo kuliko muziki wowote, kwa sababu sikio la mkulima linajua kutofautisha korosho zilizokaushwa vizuri na zile zilizoanikwa siku moja tu, na kabla hajaona mtu yeyote kwenye picha amekwisha kutoa hukumu moyoni mwake. Hukumu hiyo ndiyo mwitiko unaotafutwa.

Miswada ya kwanza ya vijana ambao mwandishi alifanya nao kazi haikufuata redio wala hadithi, ilifuata hotuba. Ilianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuwajalia uzima, ikawataja viongozi wa ngazi zote, ikatamka kwamba itifaki imezingatiwa, na ndipo, mtazamaji akiwa amekwisha kuondoka, ikaeleza kwamba mada ya leo ni ubwiri unga. Wala hapakuwa na uvivu ndani yake, kwa maana hotuba ndiyo aina pekee ya kuzungumza hadharani ambayo vijana hao walikuwa wamefundishwa, shuleni na mikutanoni, na katika mkutano wa hadhara utaratibu huo una kazi yake, kwani huwatuliza watu waliokwisha kuketi. Mtazamaji wa simu hajaketi. Mwandishi alijifunza tofauti hiyo kwa kutazama vidole badala ya nyuso, pale wakulima walipokuwa wakingoja mizigo yao ipimwe kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, na simu moja ikapitishwa mikononi mwa wengi: uso wa mtu mwenye adabu huendelea kutabasamu hata anapochoka, lakini kidole gumba hakina adabu hiyo.

Hapo ndipo lilipozuka suala la salamu, ambalo kwa watu wa kusini si dogo. Kijana anayewaambia wazee jambo bila kuwaamkia anahesabiwa kuwa hakulelewa, na mafunzo ya mitandaoni yanayoagiza kila salamu ifutwe yameandikwa na watu wasiolazimika kukutana na watazamaji wao sokoni kesho yake. Mwandishi hakubaliani na agizo hilo. Kilichofaa Ndanda ni kuibadilisha nafasi ya salamu bila kuiondoa: wito hutangulia, ukiwa na jina la uhusiano ndani yake, kisha shikamoo hufuata kwa pumzi moja, na maelezo huanza. Neno "mjomba", ambalo katika jamii ya Wamakonde inayohesabu ukoo upande wa mama lina uzito wa mamlaka na mapenzi kwa pamoja, lilifanya katika sekunde moja kazi ambayo "wapendwa wadau wa sekta ndogo ya korosho" haikuweza kuifanya katika sekunde tano. Mzee aliyeitwa mjomba alijua kwamba msemaji ni mtoto wa kwao na kwamba ana haki ya kujibiwa, na aghalabu alibaki ili asikie mtoto huyo anataka nini.

Mfano wa salfa unaonyesha vizuri namna sentensi ya wito inavyojengwa. Ubwiri unga ni ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi na maua ya mkorosho, ukiyafunika kwa vumbi jeupe na kuyakausha kabla hayajazaa, na njia iliyozoeleka ya kuuzuia ni kupuliza salfa ya unga kwa vipindi, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo ukiwa umetulia. Muswada wa awali ulianza kwa kusema kwamba ubwiri unga ni ugonjwa hatari unaopunguza mavuno. Kila neno lilikuwa la kweli na hakuna hata mmoja aliyeitika, kwa kuwa hakuna mkulima wa Masasi asiyejua hivyo. Muswada uliofuata ulisema: "Mjomba, ulipopuliza juzi, jua lilikuwa limeshatoka?" Swali hilo halifichi kitu wala haliahidi muujiza, lakini linamlazimu mtu kurudi shambani mwake kwa fikra, kuukumbuka mwanga wa asubuhi ile, na kujijibu, na akishajijibu ana sababu yake mwenyewe ya kutaka kusikia kwa nini saa ya kupuliza ina maana. Ugumu wa kuandika sentensi kama hiyo haumo katika ufundi wa maneno. Umo katika kujua kwamba watu huchelewa kupuliza kwa sababu mashine ya kupulizia ni ya kuazima na humfikia wa mwisho jua likiwa juu, na jambo hilo halijulikani mpaka mtu aulize. Mwandishi anathubutu kusema kwamba nusu ya kazi ya mwanzo hufanyika kabla ya kalamu kushikwa.

Wito huwa pia na mahali pake, na mahali hapo huweza kuwa padogo kuliko ramani inavyodhaniwa kuonyesha. Ndanda ipo chini ya ukingo wa uwanda, ambako maji yanayozama juu hutokeza kama chemchemi, na watawa Wabenedikto walioanzisha misheni hapo mwaka 1906 walijenga hospitali, shule na karakana zao katika bonde lenye maji. Newala ipo juu, ukingoni mwa mteremko mkubwa unaoitwa Shimo la Mungu, mahali penye udongo mzuri na hewa baridi lakini pasipo na mito, ambapo kwa vizazi vingi maji yalifuatwa mabondeni kwa miguu na ambapo hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kusukuma maji kutoka Mitema, karibu na Kitangari, watu wamejua maana ya kununua ndoo moja moja. Video ya kuvuna maji ya mvua kwa mabati na mifereji iliandikwa kwa ajili ya sehemu zote mbili, ikianza kwa swali: "Ndoo ya maji kwenu mnainunua bei gani?" Juu uwandani swali hilo liliitikiwa kwa hasira na kwa bei zenyewe, watu wakitajiana mtaa kwa mtaa, lakini chini Ndanda lilipita bila kugusa mtu. Ilibidi mwanzo wa Ndanda uandikwe upya kwa kuanzia na matope yanayoingia katika maji ya mto masika yanapokolea, na mwili wa video ukabaki uleule. Kuanzia hapo mwandishi hakubali tena kwamba kuna mwanzo mzuri kwa wote, na anapoona orodha za mianzo iliyothibitishwa kufaa popote duniani, hujiuliza imethibitishwa na watu wa kisima kipi.

Lipo jambo moja kusini ambalo halihitaji ufundi wowote wa kuita, nalo ni bei ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao hilo mwaka 2007, mfumo ambao mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupewa hati na kungoja mnada, kungoja kumekuwa sehemu ya msimu, na anayengoja huitikia sauti yoyote inayotaja bei. Mwezi Novemba 2018, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, mwandishi aliona klipu za kila namna zikipita kutoka simu hadi simu, na zilizoanza kwa neno "bei" zilitazamwa mpaka mwisho hata zilipokuwa hazina habari yoyote ya bei ndani yake. Hapo ndipo udhaifu wa mafunzo yanayopima mwanzo kwa idadi ya waliobaki unapoonekana wazi. Mtu aliyeitwa kwa njaa yake na asipewe kitu ameibiwa, na katika kijiji ambacho kila mtu anamjua aliyeposti, kesho yake hata wito wa kweli hautaitikiwa. Kwa hiyo sentensi ya wito inayotaja bei ilipaswa kubeba mambo matatu bila kukosa: mnada wa chama kipi, wa tarehe gani, na bei ya juu pamoja na ya chini. Mkulima wa Ndanda huuza kupitia chama kikuu cha ushirika cha MAMCU na wa Newala kupitia kile cha TANECU, na bei ya mnada mmoja ikisomwa kama ya wote huzua ugomvi kati ya wanachama na viongozi wao wa AMCOS ambao hawakufanya lolote. Sentensi yenye mambo hayo yote huwa nzito kidogo mdomoni. Uzito huo ni afadhali.

Ni kweli kwamba zipo video zinazoita bila neno lolote. Kili Paul na dada yake Neema, vijana wa Kimaasai wa Tanzania walioanza kupata umaarufu mkubwa mwaka 2021, walisimama mbele ya kamera wakiwa na shuka zao na kuigiza midomo ya nyimbo za Kihindi, na kufikia Februari 2022 Kili Paul alikuwa ametunukiwa na Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam na kutajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi katika matangazo yake ya redio. Wito wao upo katika kukutana kwa vitu viwili ambavyo macho hayakutegemea kuviona pamoja, na Mhindi aliyeutambua wimbo wa kwao aliitika kabla ya kuelewa anamtazama nani. Lakini wanaowaiga huchukua mshangao na kuacha utambuzi, ilhali ni utambuzi uliomfanya mtazamaji aseme "huu ni wetu". Kijana wa Masasi aliyejipaka majivu na kuruka mbele ya kamera kabla ya kueleza habari za mikopo ya vikundi alipata vicheko vingi, na hakuna aliyeuliza kuhusu mikopo.

Njia ya kuupima mwanzo ambayo mwandishi ameishia kuitegemea haina mashine. Muswada husomwa kwa sauti mbele ya mtu anayefanya kazi yake, kwa kawaida kina mama wanaobangua korosho nyumbani, ambao mikono yao imeshikwa na hawawezi kujifanya wanasikiliza. Msomaji hutamka sentensi ya wito kisha hunyamaza. Asiposikia "ehee", au swali, au hata guno la kukataa, sentensi hurudishwa mezani. Mara nyingi mama anayebangua huitamka yeye mwenyewe sentensi inayofaa, akiuliza kwa ukali jambo ambalo muswada ulilizunguka, na wajibu wa mwandishi hapo ni kuandika haraka alivyosema, pamoja na mpangilio wake wa maneno, bila kuupanga upya uwe wa kitabuni.

Limebaki tatizo la msimu, ambalo halijapata jibu moja. Video haifi wakati wake unapopita. Hurushwa tena na mtu asiyejua iliandikwa lini, na maelekezo ya salfa ya mwezi Julai huzuka mwezi Desemba, wakati mabibo yanaoza chini ya miti. Kutaja mwezi mwanzoni kulisaidia kwa kiasi, lakini mikorosho haitoi maua siku moja hata ndani ya shamba moja, na mkulima aliyechelewa au aliyewahi hujiona hahusiki. Siku hizi mwandishi huanza na ua lenyewe, picha ya karibu ya shada linaloanza kuchanua, na swali moja juu yake: "La kwako limefika hapa?" Mwenye mti uliofikia hatua hiyo huitika, hata kama ni wiki tatu baada ya jirani yake. Mwenye mti uliokwisha kuvunwa huipita video ndani ya sekunde moja, vipimo vya mtandao huiandika kuwa imeshindwa kumshika, na mwandishi ameamua kutoisahihisha.